Nafasi ya Kidole Kimoja

Ami yangu alinikabidhi mandolini yake Julai 2020, siku zile misikiti ya Kenya ilipofunguliwa tena kwa masharti ya korona: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliopita 58 wasalie nyumbani. Yeye 58 alikuwa ameipita zamani. Kwa hiyo kila Magharibi nilikwenda kuswali naye sebuleni kwake, Mji wa Kale, Mombasa. Tulikuwa wawili tu, yeye imamu, mimi kuliani kwake, bega kwa bega, kama inavyokuwa watu wakiwa wawili. Wakifika watatu ndipo imamu husogea mbele. Wawili husimama sambamba.

Jioni moja, baada ya nyiradi, alinyoosha mikono yake juu ya mkeka akaitazama inavyotetemeka. Akaniambia, "Ichukue, mwanangu. Mimi na yeye tumeshaagana." Nikaitungua mandolini ukutani kwake nikaenda kuitundika kwangu, na kwa muda mrefu hapo ndipo ilipobaki.

Ni mandolini ya Kitaliana, ya zile zenye tumbo la duara. Ami alikuwa baharia, na aliinunua Napoli, mji ambako mandolini ya namna hii ilipata umbo lake katika karne ya 18. Mgongo wake umeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, mfano wa udi wetu. Na kweli ni ndugu. Udi uliingia Ulaya kwa njia ya Andalusia na Sisilia, Wazungu wakalichukua hata jina lake, al-ud, Wataliana wakaligeuza liuto, na mandolini ni mmoja wa wajukuu wa nyumba hiyo. Kwa Kiarabu neno lenyewe maana yake ni mti. Ndiyo sababu udi tunaoupiga na udi tunaoufukiza hubeba jina moja. Ami alipenda kusema kwamba mti umetupa vitu viwili vinavyopanda, moshi na sauti.

Nyuzi za mandolini ni nane, lakini sauti zake ni nne: sol, re, la, mi, kama fidla. Kila sauti ina nyuzi mbili zilizolala karibu karibu, zimekazwa kwa kiwango kimoja, na kidole kimoja huzikandamiza zote mbili kwa pamoja. Mpigaji hupiga jozi. Uzi mmoja peke yake hauhesabiki. Kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja ni kama sentimita 33 tu, kwa hiyo sauti hufa upesi, na ndiyo maana risha ya kupigia hutetemeshwa mbele na nyuma juu ya jozi ili noti iendelee kuishi.

Mimi niliijua mandolini tangu ujana. Lakini nilipoichukua tena, nikiwa nimepita hamsini na baridi yabisi imeshaingia kwenye kidole cha kati na cha pete, haikunikubali. Nikibonyeza jozi ya re, nyama ya kidole iligusa la, na la ikanyamaza. Nikisimamisha kidole wima zaidi ili kisiguse jirani, uzi mmoja wa jozi uliponyoka chini ya ukucha, ikalia nusu ya noti. Dakika tano, kisha maumivu. Nilijiambia ni uzee. Nikajiambia nivumilie. Kila jioni nikaikamata kwa nguvu zaidi kuliko jana yake, nikaamini kwamba huko ndiko kuvumilia.

Ami alifariki Machi 2021. Nilipita wiki nyingi bila kuigusa. Kisha siku moja nikaivisha mfuko wake nikaipeleka kwa fundi.

Mji alioishi Zein l'Abdin, mpigaji udi wa Lamu aliyetutoka mwaka 2016, haukosi mtu wa kutengeneza udi. Fundi wangu ni seremala. Milango na vitanda ndivyo vinavyomlisha. Udi huja kwake kwa mapenzi. Ni mzee kunishinda. Nikampa salamu, akaniitikia, akaitoa mandolini mfukoni mwake akaipakata, na kwa muda hakusema kitu. Hakuipiga. Aliinua kichwa chake hadi usawa wa macho akatazama kule nyuzi zinakopita zikielekea kwenye vigingi.

"Nani kakwambia vidole vyako vibovu?" akaniuliza.

"Navihisi mwenyewe, mzee."

"Vidole vimeomba nafasi. Hapa havijapewa."

Kichwani mwa shingo ya mandolini, kabla nyuzi hazijaanza safari yao juu ya mbao, pana kipande kidogo cha mfupa kilichokaa kikingama, chenye mikwaruzo minane. Kila uzi una mkwaruzo wake. Mimi nimezoea kukiita kizingiti, kwa kuwa kila uzi hukivuka kabla ya kuwa sauti. Kikipangwa vibaya, hakuna kitakachokaa sawa mbele yake. Cha mandolini yangu kilikuwa na upana wa milimita 29, na mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alikikwaruza kwa haraka. Nyuzi mbili za kila jozi ziliachana kwa zaidi ya milimita mbili na nusu, kwa hiyo jozi zilinenepa zikasogeleana, na kati ya jozi na jozi hapakufika milimita 3. Kidole changu kilikuwa kikiombwa kifunike wawili waliotengana na papo hapo kisimguse jirani aliyebanana nao. Ami alikuwa na vidole vyembamba kama vya mshona kofia. Alipita humo miaka yote bila kugundua, au aligundua akanyamaza.

Fundi alisema tuache kile cha zamani na tuchonge kipya. Akatoa kwenye mkebe kipande cha mfupa wa muundi wa ng'ombe, uliochemshwa ukatolewa mafuta, ukakaushwa hadi ukawa mweupe kama ganda la yai. Mfupa ukikatwa kwa msumeno mwembamba hutoa harufu kali, ya ukucha unaoungua. Vumbi lake laini lilimkaa fundi kwenye malaika ya mikono. Kabla ya kulegeza uzi hata mmoja alichora alama za penseli kwenye miguu ya daraja, kwa sababu daraja la mandolini halijagundishwa. Linasimama kwa uzito wa nyuzi zinazolikandamiza, basi. Nyuzi zikilegea zote, linabaki bila cha kulishika, na likirudishwa pasipo pake noti zote za shingoni zinakuwa za uongo. Nililitazama daraja lile likiwa limelegea, kijiti kisicho na kazi, nikamkumbuka ami baada ya kuachishwa msikiti.

Kisha tukapima, na hapa ndipo nilipokaa kitako.

Mimi, kama mtu yeyote mwenye rula, nilitaka kupima kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya uzi, vipimo vyote vilingane. Fundi akanishika mkono. "Usipime moyo kwa moyo," akasema. "Pima ubavu kwa ubavu." Uzi wa mi ni mwembamba kama unywele, milimita 0.23. Uzi wa sol umezungushiwa waya na unakaribia 0.8. Ukipanga katikati zilingane, nyuzi nene zinabaki na uwazi mdogo kati yao kuliko nyembamba, kwa sababu unene wao wenyewe umekwisha kula sehemu ya nafasi. Na zile nene ndizo zinazotikisika kwa mapana zaidi. Ukizichapa kwa nguvu zinagongana, zinatoa sauti ya kuparaza kama mdudu aliyenaswa kwenye karatasi. Kwa hiyo kinacholinganishwa ni uwazi. Akaniandikia hesabu kwenye kipande cha ubao: upana 29, acha 3 kila ukingo, nyuzi zisiteleze nje ya shingo, zinabaki 23. Unene wa nyuzi zote nane ukiujumlisha unakaribia 4, zinabaki 19. Ndani ya kila jozi acha uwazi wa 1.8, mara nne. Kinachobaki kigawe kwa tatu. Kati ya jozi na jozi ikaja karibu milimita 4.

Tofauti ya kilichokuwapo na kilichokuja ni kama milimita moja. Milimita moja ndiyo iliyokuwa ikinitoa machozi.

Tangu siku ile nimekuwa nikilizunguka neno nafasi kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Tumelipata kwenye Kiarabu, nafas, pumzi, na mzizi huohuo ndio uliotupa nafsi. Mswahili akikwambia "sina nafasi" huenda hana muda, huenda hana pa kukuketisha, huenda moyo wake umejaa. Tunatumia neno moja kwa hayo matatu na hatukosei, kwa sababu yote ni hali moja: pumzi haina pa kupita. Na mtu anayesema amepata nafasi, ya kazi, ya kusafiri, ya kusema, huwa amefunguliwa mahali pa kupumulia. Kwa miaka mingi mimi niliichukua dini kama kazi ya kukaza. Kaza nia, kaza mkanda, kaza moyo. Sikujua kwamba uzi uliokazwa sawasawa lakini ukabanwa na jirani yake hautoi noti.

Nabii Musa alipoamriwa kwenda kwa Firauni, jambo la kwanza alilomwomba Mola wake ni akunjuliwe kifua. Hakuanza na nguvu, wala ushindi. Aliomba nafasi ndani yake kwanza, kisha wepesi wa kazi, kisha fundo lifunguliwe ulimini. Na baada ya hayo akaomba mwenzake, Harun, ndugu yake. Nimeisoma Surat Taha tangu chuoni na sikuwahi kuuona mpangilio huo mpaka nilipokaa mbele ya kizingiti cha mfupa: kifua kikunjuliwe kwanza, ndipo awepo wa pili pembeni.

Siku za korona, za safu zenye alama za kutuachanisha sakafuni, nazikumbuka vizuri. Tulisimama kila mtu kwenye mraba wake, na mahali pa bega la ndugu pakawa na hewa. Tulitii, na ilipasa kutii. Lakini kila aliyesimama humo anajua kilichokosekana. Tarehe 17 Oktoba 2021 alama zilipobanduliwa katika Msikiti Mtukufu wa Makka na waumini wakasimama tena bega kwa bega, nilitazama kwenye runinga nikiwa peke yangu, nikalia kwa sauti. Ami hakuiona siku ile.

Imamu hutuambia tunyooshe safu na tuzibe mianya. Nilipokuwa kijana niliona safu kama mbano tu, kila mtu amemkaribia mwenziwe mpaka basi. Lakini safu ina vipimo viwili. Ubavuni hupungua mpaka bega liguse bega. Mbele huachwa upana wa kutosha mtu aliweke paji lake chini bila kugonga visigino vya aliye mbele yake. Ukizibana safu na safu, hakuna atakayesujudu. Ukiwaachanisha waliomo ndani ya safu, wamekuwa watu waliosimama ovyo ukumbini. Karibu kwa upande huu, wazi kwa upande ule. Fundi hakuniambia haya. Yeye alinipa 1.8 na 4. Mimi ndiye niliyetoka karakana yake nikaingia msikitini kwa Alasiri nikaona sakafu nzima imepangwa kama kizingiti chake.

Najua wapo wacha Mungu wasiopenda uzi wowote uguswe, nami nawaheshimu. Ami naye aliwaheshimu. Hakuwahi kuipiga wakati wa adhana, na Ramadhani nzima ilikaa mfukoni mwake. Lakini alikuwa akisema kwamba kuisikiliza jozi ikikubaliana kulimfundisha kusikiliza, na kwamba mtu asiyejua kusikiliza huswali haraka.

Nirudi kwa fundi, kwa sababu alifanya jambo ambalo bado linanishangaza. Hakuchonga mikwaruzo hadi mwisho. Alibandika kipande cha karatasi chenye alama za penseli juu ya mfupa, akapitisha ncha ya tupa nyembamba kwenye kila alama, mara mbili, mara tatu, kiasi cha uzi kujishika tu. Akarudisha nyuzi moja moja, akalisimamisha daraja kwenye alama zake. Nyuzi zilikaa juu juu, juu kuliko inavyofaa, na kuzibonyeza karibu na kizingiti kulihitaji nguvu. Nikamwuliza kwa nini hamalizi.

"Kaa nazo wiki moja," akasema. "Mfupa ukishakatwa haurudi. Kidole kitakwambia."

Nilikaa nazo wiki. Siku ya tatu kidole kikaniambia: jozi ya mi ilikuwa karibu na ukingo kuliko nilivyostahimili, nikivuta kidole kidogo, uzi wa nje ulielekea kuanguka. Siku ya tano nikajua kwamba jozi ya sol imekaa vyema kabisa, isiguswe. Sikumbuki mara nyingine katika maisha yangu nilipopewa jambo lisilokamilika kwa makusudi, ili mimi niwe sehemu ya kulikamilisha. Nimeshika mambo mengi kwa upande wa pili: nimewakatia watoto wangu njia hadi chini kabla hawajaishi nazo wiki moja. Binti yangu wa pili aliwahi kuniambia, "Baba, niache nijaribu kwanza," nami nikaona utovu wa adabu. Alikuwa akiniomba mkwaruzo wa juu juu.

Nilirudi. Fundi akaisogeza jozi ya mi ndani kwa robo ya milimita, unene wa karatasi mbili tatu, kisha akachonga kwa kweli. Kila mkwaruzo aliushusha mpaka nusu ya unene wa uzi wake ikazama, nusu ikabaki juu. Sakafu ya mkwaruzo aliiteremsha kidogo kuelekea kwenye vigingi, ili mahali pa juu kabisa pawe ukingo wa mbele, pale uzi unapoachia mfupa na kuanza kuimba. Ukiacha mwinuko katikati ya mkwaruzo, akasema, uzi haujui unaanzia wapi, na sauti yake hunong'ona. Alifanya kazi polepole mno. Alikwaruza mara tatu, akarudisha uzi, akausikiliza, akautoa, akakwaruza mara moja. Mwanafunzi wake alileta chai ya mkandaa, ikapoa.

Alipomaliza akaniwekea kizingiti cha zamani kiganjani. Kimekuwa cha manjano. Katika mikwaruzo yake minane ile miwili ya la imechimbika kuliko yote, na ndani yake pana weusi wa chuma na mafuta ya vidole vya miaka mingi. La ndiyo ami aliyoanzia kila wimbo. Nimekitia kwenye kimkoba kidogo pamoja na tasbihi yake. Sikioni kuwa kibaya tena. Kilikuwa kipimo cha mkono mwingine.

Sasa napiga nusu saa, wakati mwingine zaidi, na maumivu yapo lakini hayanifukuzi. Kidole hushuka juu ya re, hukuta wawili pamoja, na la jirani yake huendelea kulia bila kuguswa. Sijui kama nitapata kusema jinsi inavyokuwa, noti mbili kukaa hewani pamoja baada ya miezi mingi ya moja kuiua nyingine.

Jana baada ya Magharibi nilikaa barazani kuikaza. Nyuzi za chuma hulegea na joto la kwetu, na uzi mmoja wa jozi hulegea zaidi ya mwenziwe. Nikipiga zote mbili zikiwa hazijalingana, sauti huwa na wimbi ndani yake, hupanda na kushuka. Uzi mmoja ukitikisika mara 440 kwa sekunde na mwingine 442, wimbi hilo hupiga mara mbili kila sekunde, na unalisikia wazi, kama mtu anayebisha hodi kwa upole. Nikaanza kuukaza ule wa pili, kidogo kidogo. Mapigo yakapungua. Mawili kwa sekunde, kisha moja, kisha moja kwa kila pumzi yangu, refu, jepesi, karibu kunyooka. Adhana ya Isha ikaanza upande wa bandari, ikaitikiwa na msikiti wa mtaani kwetu. Nikailaza mandolini mapajani, jozi ya la ikiwa bado na wimbi lake moja la mwisho, nikainuka kwenda kutia udhu.